Minara ya Taa za Bahari Iliyostaafu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya tumeyapokea kutoka kwa watu wa kila aina: abiria wa boti za Zanzibar, wanafunzi wenye kazi ya darasani, wavuvi wa Feri, na wenye viwanja vya ufukweni wanaotaka kujua kama gofu la jirani linauzwa. Mengine tunayajibu kwa mstari mmoja, mengine itabidi uvute kiti. Tuko Dar es Salaam, kwa hiyo tunaanza na pwani yetu. Pale wenzetu wa nje walipofanya jambo la kuigwa, au la kujutia, tumelitaja.

Mnara wa taa unahesabika umestaafu lini?

Siku mamlaka ya usalama wa meli inapotangaza kuwa mwanga wake hautegemewi tena. Tangazo hutumwa kwa mabaharia na ramani za bahari husahihishwa. Kuanzia hapo mnara umestaafu, hata kama kuta zake ni imara kuliko za nyumba yako na yangu.

Watu huchanganya hali tatu. Kuna mnara uliobaki bila mtu: taa inajiwasha yenyewe, mlinzi kaondoka. Huo bado uko kazini. Kuna mnara mkongwe ambao taa yake imehamishiwa kwenye nguzo ya chuma pembeni, yenye paneli ya sola. Nguzo inafanya kazi, mzee amesimama tu. Halafu kuna taa iliyozimwa moja kwa moja. Hata huo wa mwisho bado unaweza kuwa na faida baharini, maana mchana nahodha anautazama kama alama na ramani inaweza kuendelea kuuonyesha kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mtu asiamke tu asubuhi na kuupaka rangi za kampuni yake ya simu.

Ule mnara tunaouona tukitoka bandarini kwenda Zanzibar ni upi?

Kama uliuona upande wa kulia boti ikishatoka kwenye mlango wa bandari, juu ya kisiwa kidogo, huo ni wa Makatumbe ya Nje. Visiwa vya Makatumbe ni viwili, cha ndani na cha nje, na vyote viliingizwa kwenye hifadhi za bahari za Dar es Salaam mwaka 2007, pamoja na Sinda mbili na Kendwa. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vilitangulia mwaka 1975. Mnara wa Makatumbe ni wa tangu zama za Wajerumani, na Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofika huku mwaka 1914 ulikuwa tayari unajulikana kwa manowari za Waingereza zilizokuwa zikizunguka nje ya bandari.

Kwa nini Wajerumani walihitaji taa hapa, wakati majahazi yalipita karne nyingi bila taa?

Kwa sababu bandari ya Dar ni tulivu ukishaingia na ni mtihani kabla hujaingia. Panda pantoni pale Magogoni ujionee: mlango ni mwembamba, mkondo unapinda, na Kigamboni iko pua na mdomo. Nje ya mlango kuna visiwa, mafungu ya mchanga, na miamba ya matumbawe inayojificha maji yakijaa. Nahodha wa jahazi anayelijua eneo alipita mchana kwa kusoma rangi ya maji. Usiku alitia nanga nje akasubiri kuche. Meli ya mvuke yenye ratiba ya barua haikuwa na subira hiyo.

Sultani Majid bin Said wa Zanzibar ndiye aliyeanza kujenga mji hapa miaka ya 1860. Alipofariki mwaka 1870 mji ukadorora. Wajerumani walihamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na bandari ilikuwa sababu kubwa: Bagamoyo maji ni mafupi, meli kubwa zilisimama mbali na shehena ikashushwa kwa mashua. Mwaka mmoja kabla, 1890, kampuni ya Deutsche Ost-Afrika Linie ya Hamburg ilikuwa imeanza safari zake za Afrika Mashariki. Mji mkuu mpya, meli za ratiba, miamba mlangoni: taa haikuwa anasa. Minara ya makanisa ya St. Joseph na Azania Front, iliyoanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1890, nayo ilionekana kutoka baharini, ila kanisa halikumulikii mwamba saa nane za usiku.

Mambo yakageuka mwaka 1914. Bandari iliyotafutiwa mwanga kwa gharama yote ile ikazibwa kwa makusudi: mwezi Agosti Wajerumani walizamisha gati linaloelea kwenye mkondo wa kuingilia ili adui asipite. Manowari yao Königsberg ilikuwa imeshatoka Dar mwisho wa Julai. Septemba ikaizamisha manowari ya Waingereza Pegasus hapo Zanzibar, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji, na huko ndiko ilikoishia Julai 1915. Waingereza waliingia Dar Septemba 1916.

Ni kweli Beit el-Ajaib ilikuwa na mnara wa taa?

Kweli, na watu wengi waliopita pale Forodhani maisha yao yote hawajui. Sultani Barghash alijenga Beit el-Ajaib mwaka 1883, na mbele ya jumba hilo ulisimama mnara wa taa. Tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza walipopiga mizinga kasri la Zanzibar, katika ile vita iliyokwisha kabla ya saa moja kupita, mnara ule uliharibiwa vibaya. Haukurudishwa. Badala yake ukajengwa mnara wa saa kwenye uso wa jumba lenyewe, ndio ule ulioonekana kwenye kadi za posta.

Nao umeanguka. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba iliporomoka na mnara wa saa, na mafundi waliokuwa kazini wakapoteza maisha. Jumba lilikuwa kwenye ukarabati wakati huo. Tunalitaja hapa kwa sababu kila tunapozungumzia mnara mbovu kuna mtu anasema "si ngoja tupate pesa ndipo tuanze". Pesa zilikuja. Ukuta ulikuwa umeshachoka kuzisubiri.

Kabla ya umeme, taa ziliwakaje?

Mwanzo kabisa ni moto wa kuni au makaa juu ya mnara. Mnara mashuhuri wa Alexandria, Misri, uliojengwa karne ya tatu kabla ya Kristo, ulifanya kazi kwa moto, na matetemeko ya ardhi yakaja kuumaliza karne ya 14. Baadaye yakaja mafuta: ya nyangumi, ya mimea, kisha mafuta ya taa. Mwaka 1780 hivi Mswisi Aimé Argand alitengeneza utambi wa mviringo wenye hewa katikati, mwanga ukawa mweupe na moshi ukapungua.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kukaja taa ya mvuke wa mafuta. Kama umewahi kukaa na wavuvi wa dagaa usiku wa giza ukaona karabai inavyopigwa pampu, mafuta yakageuka mvuke na kile kisoksi kikawaka cheupe mpaka macho yanauma, basi umeshaielewa taa ya mnara wa wakati ule. Kanuni ni ileile, ukubwa tu ndio tofauti.

Lakini siri ya mnara haikuwa kwenye moto, ilikuwa kwenye kioo. Mfaransa Augustin Fresnel aligundua kwamba huhitaji lenzi nene ya pauni mia; unaweza kuikata kuwa pete nyingi za kioo, kila pete na mteremko wake, zikazunguka taa na kuusukuma mwanga wote kwenye upeo wa bahari badala ya kuupoteza angani. Lenzi yake ya kwanza iliwashwa kwenye mnara wa Cordouan, Ufaransa, mwaka 1823. Lenzi za daraja la kwanza ni kubwa kiasi kwamba mtu mzima anasimama ndani.

Lenzi kama hiyo ina uzito wa tani kadhaa na lazima izunguke ili mwanga uonekane unapiga na kuzima. Ilizungushwa kwa mashine kama ya saa ya ukutani, yenye jiwe la uzito linaloshuka taratibu katikati ya mnara. Likifika chini, mlinzi analivuta juu kwa mkono, usiku kucha, kila baada ya saa chache. Katika minara mingi lenzi ilielea juu ya beseni la zebaki ili izunguke kwa kusukumwa na kidole. Kumbuka hiyo zebaki, tutairudia.

Asubuhi kazi haikuisha. Mlinzi alisafisha masizi, akapunguza utambi, akafuta kila pete ya kioo kwa kitambaa laini, kisha akashusha mapazia pande zote. Mapazia hayakuwa pambo. Lenzi inayotoa mwanga nje usiku, mchana inaingiza jua ndani kwa nguvu hiyohiyo, na jua likilenga kwenye taa lina uwezo wa kuunguza chumba.

Nani aliwafukuza walinzi wa taa?

Gesi, na Msweden mmoja. Gustaf Dalén alibuni mfumo wa kuwasha taa kwa gesi ya asetilini pamoja na vali inayoendeshwa na jua: kijiti cheusi kinanyonya mwanga wa mchana, kinapata joto na kutanuka, kinafunga gesi, jua likizama kinasinyaa, gesi inapita, taa inawaka. Hakuna mtu. Alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912, mwaka uleule alipopofuka kwa mlipuko akiwa kwenye majaribio. Mnara wa Chumbe, Zanzibar, uliojengwa na Waingereza mwaka 1904, ulifungiwa gesi ya aina hiyo mwaka 1926. Baadaye zikaja betri, sola na LED. Uingereza kwenyewe mlinzi wa mwisho alishuka ngazi mwaka 1998.

Mwanga ulionekana umbali gani?

Inategemea urefu zaidi ya ukali, kwa sababu dunia ni mviringo. Mabaharia wana hesabu yao: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa taa kwa mita, jumlisha na kipeuo cha pili cha urefu wa macho yako juu ya maji, zidisha kwa 2.08, unapata maili za baharini. Taa ikiwa mita 30 juu ya bahari na wewe umesimama kwenye mashua macho yako yakiwa mita 2, unaiona ikichomoza kwenye maili 14 hivi, yaani kama kilomita 26. Rafiki yako aliye kwenye sitaha ya meli kubwa, mita 25 juu, ameshaiona toka kilomita 40.

Nahodha alijuaje hii ni taa ya wapi?

Kwa mapigo yake. Kila taa ina tabia iliyoandikwa kwenye ramani na kwenye orodha ya taa: inapiga mara ngapi, kila baada ya sekunde ngapi, rangi gani. Unahesabu, unatazama kitabu, umejua uko wapi.

Siku hizi kila mtu ana GPS. Kwa nini taa zote zisizimwe tu?

Nyingi zimezimwa kwa hoja hiyo. GPS ilikamilika mwaka 1995, na toka hapo kila mamlaka duniani imekuwa ikipitia orodha yake na kuuliza ipi ya lazima. Sisi hatupingi kuzima taa isiyohitajika; taa ina gharama na fedha za usalama wa bahari ni chache.

Ila usisahau wanaosafiri bila mitambo. Ngalawa na mashua za uvuvi zinazotoka Kunduchi, Msasani na Kigamboni hazina rada. Simu inaisha chaji, inaingia maji. Na hata meli kubwa yenye kila kitu inaweza kupotoshwa, kwa sababu mawimbi ya GPS yanavurugwa na kughushiwa, jambo ambalo limeshatokea mara nyingi katika bahari zenye migogoro. Taa unaiona kwa macho yako, hakuna wa kuighushi kutoka mbali.

Taa ikishazimwa, mnara ni mali ya nani?

Hapa ndipo mambo yanapokwama, kwa hiyo tulia kidogo.

Wakati taa inafanya kazi jibu ni rahisi. Kwa Tanzania Bara, Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, TPA, ndiyo inayoshughulika na alama za kuongozea meli bandarini, na TASAC, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017, inasimamia usalama wa usafiri wa majini. Zanzibar ina vyombo vyake. Kimataifa kuna IALA, shirika la mamlaka za alama za bahari lililoanzishwa mwaka 1957, ambalo tarehe 1 Julai kila mwaka huadhimisha siku ya alama hizo.

Taa ikizimwa, mnara unaacha kuwa kifaa na kuwa jengo. Mamlaka ya bandari kazi yake ni meli, si majengo ya kale. Idara ya Mambo ya Kale nayo ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na sheria hiyo ina mwaka mmoja muhimu sana: 1863. Jengo lililojengwa kabla ya mwaka huo linalindwa moja kwa moja. Lililojengwa baadaye linasubiri Waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Sasa piga hesabu: Wajerumani walishika pwani hii miaka ya 1880. Hakuna hata mnara wao mmoja unaoingia kwa mlango wa moja kwa moja. Na kama uko ndani ya hifadhi ya bahari, unaongeza ofisi ya tatu, Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, kinachofanya kazi kwa sheria ya mwaka 1994 na kinalinda zaidi samaki na matumbawe kuliko kuta.

Ofisi tatu, funguo moja, na kila mmoja anadhani iko kwa mwenzake. Tukiulizwa sisi, jambo la kwanza kabla hata ya ndoo moja ya chokaa ni barua inayosema nani anashika ufunguo. Marekani walipitisha sheria mwaka 2000 kwa ajili ya tatizo hili hili: mnara ukishakuwa wa ziada, kwanza wanapewa bure halmashauri au vikundi vya jamii wenye mpango wa kuutunza, na asipopatikana mtu ndipo unapigwa mnada. Zaidi ya minara 150 imepata wenyewe kwa njia hiyo. Canada wakafuata na sheria yao mwaka 2008.

Kitu gani huumaliza mnara upesi zaidi?

Watu hutaja mawimbi na radi. Ukweli ni kwamba mnara ulijengwa kwa ajili ya mawimbi na radi. Kinachoumaliza ni kutokuwepo mtu wa kuziba dirisha lililovunjika.

Mlinzi alikuwa fundi wa bure. Kioo kikipasuka, anakibadili siku hiyohiyo. Akiona kutu, anakwangua na kupaka rangi. Aondoke tu: kioo kimoja cha chumba cha taa kinavunjika, popo na njiwa wanaingia, mvua ya masika inafuata, maji yanashuka kwa ngazi na kutuama kwenye vyuma vilivyozamishwa ukutani. Chuma kikishika kutu kinatanuka, na kikitanuka kinapasua jiwe lililokishika. Ndani ya misimu michache tu ya kusi na kaskazi nyufa zimeshafika nje.

Kisha anakuja msamaria na mfuko wa saruji.

Majengo ya kale ya pwani yetu mengi ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo unavuta unyevu na kuutoa, kila siku, kila msimu. Chumvi ya bahari inaingia pamoja na unyevu na inatoka nao. Ukiuziba kwa lipu ya saruji, unyevu haupati pa kutokea, chumvi inaganda nyuma ya lipu kama unga mweupe na kuanza kulisukuma. Pita na kijiko cha chai, gonga ukuta uliopigwa saruji miaka kumi iliyopita: utasikia mlio wa debe tupu. Kibanzi kikidondoka kinaondoka na uso wa jiwe lenyewe, na jiwe lililobaki unalikwangua kwa ukucha. Lipu la chokaa lingekuwa limechakaa lenyewe, ungelibadili, jiwe likabaki zima. Chokaa imekusudiwa kufa kwa niaba ya ukuta.

Ugumu ni kwamba mafundi wanaoijua chokaa wanapungua. Inatakiwa ilowekwe muda mrefu, wiki na hata miezi, ichanganywe na mchanga usio na chumvi (si wa ufukweni, tafadhali), ipakwe kwa tabaka nyembamba na kila tabaka linyweshwe maji likauke polepole. Mkandarasi mwenye haraka ya kukabidhi kazi hana muda huo. Nayo chokaa ya kuchoma matumbawe haifai kuendelea. Inabomoa mwamba unaowalinda samaki na visiwa vyetu. Chokaa ya mawe ya nchi kavu ipo.

Minara ya chuma, kama ule wa Ras Kigomasha kule Pemba, haina habari na chokaa. Yenyewe inataka kukwanguliwa kutu na kupakwa rangi, tena na tena, bila kuchoka.

Na bahari ikiula ufukwe mpaka ukafika kwenye msingi?

Kuna njia tatu: kuukinga ufukwe, kuuhamisha mnara, au kuuaga.

Wadenmark waliuhamisha. Mnara wa Rubjerg Knude uliwashwa mwaka 1900 na kuzimwa 1968. Ukingo wa genge ulisogea mpaka ukabaki mita chache tu, na tarehe 22 Oktoba 2019 wakauweka mnara mzima kwenye reli na kuusogeza mita 70 bara. Wamarekani walifanya hivyo mwaka 1999 kwa mnara wa matofali wa Cape Hatteras, karibu mita 880. Waingereza waliuaga: Orfordness, wa mwaka 1792, ulizimwa 2013, ukabomolewa 2020 kabla bahari haijaubomoa yenyewe. Waliookoa vipande vyake waliviokoa kwa sababu walikubali mapema kwamba wameshindwa.

Hapa kwetu kuhamisha mnara ni ndoto. Kukinga kunawezekana. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004. Kazi ikafanyika, ikiwemo kuzuia bahari isile kingo, na mwaka 2014 vikatolewa kwenye orodha hiyo. Kwa visiwa vidogo kinga ya kwanza ni miti. Waulize wazee wa Pangani habari za kisiwa cha Maziwe: kilikuwa na miti, miti ikakatwa, na kufikia miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimekwisha. Leo ni fungu la mchanga linalojitokeza maji yakipwa. Ukienda kisiwa chenye mnara ukawasha moto kwa kuni za mvinje uliokata palepale, unakata msingi wa mnara.

Kuna mahali karibu walipofanya vizuri?

Chumbe. Taa yake haijastaafu, ila walinzi waliondoka siku nyingi na nyumba yao ikabaki gofu. Mwaka 1994 mwamba wa matumbawe wa kisiwa ulitangazwa hifadhi, waliokuwa wavuvi wakafunzwa ualinzi, na nyumba ya mlinzi wa taa ikajengwa upya kuwa kituo cha kupokelea wageni. Msikiti mdogo uliokuwa wa familia za walinzi bado upo. Wageni wanapanda ngazi zaidi ya mia kwenda juu kutazama bahari. Kilichoufaa mnara ni kwamba kuna watu wanalala kisiwani kila usiku, na mapato ya wageni yanawalipa.

Kwa Dar, mfano wetu ni Boma la Kale pale Sokoine Drive, jengo la matumbawe la zama za Majid. Limekarabatiwa na ndani yake kuna kituo cha urithi wa usanifu majengo. Si mnara, lakini ukitaka kuona lipu la chokaa na boriti zilizotunzwa vizuri, huna haja ya kuvuka maji.

Kwa nini usigeuzwe hoteli tu?

Nyumba ya mlinzi, sawa. Mnara wenyewe, hapana, na sababu yetu ni ya choo. Mnara ni bomba la ngazi. Ukitaka vyumba lazima utoboe kuta kwa mabomba, uweke matangi, ukate madirisha, na ukimaliza huna mnara wala hoteli ya maana. Katika kisiwa kisicho na maji baridi, tatizo ni kubwa zaidi. Mgeni alale chini, apande juu kutazama machweo, ashuke.

Tunaweza kuuwasha kwa sherehe, hata usiku mmoja?

Bila kibali, msijaribu. Taa kali isiyo kwenye ramani inaweza kumpoteza nahodha. Pia fukwe za kusini mwa Kigamboni kasa wanataga. Vitoto vikianguliwa hufuata mwanga, na taa ya nchi kavu huvipeleka upande usio wa bahari.

Naweza kwenda kuutembelea na watoto?

Visiwa vilivyo ndani ya hifadhi vinahitaji kulipia kiingilio, na bei hubadilika, kwa hiyo uliza ofisi ya hifadhi kabla ya kukodi boti. Boti za Bongoyo hutoka Slipway, za Mbudya upande wa Kunduchi. Kwa kisiwa chenye alama ya kuongozea meli, omba ruhusa kwanza kwa mamlaka ya bandari. Mlango wa bandari ni eneo la ulinzi na droni ina kibali chake pia. Tazama jedwali la maji. Wakati wa bamvua maji hupwa mbali, na boti iliyokushusha asubuhi inaweza kukaa juu ya mwamba mpaka alasiri. Vaeni viatu, matumbawe na urchini, wale wa miiba, hawana huruma.

Ndani ya mnara wa zamani usiguse vimiminiko vyovyote vya rangi ya fedha kwenye sakafu wala kwenye beseni la lenzi. Ile zebaki tuliyoitaja huko juu hutoa mvuke wenye sumu. Na rangi za zamani zinazobanduka zina risasi, watoto wasizichezee.

Babu yangu alifanya kazi ya taa. Ana picha na daftari. Vina maana?

Vina maana kuliko tunavyoweza kueleza. Kumbukumbu za serikali zinataja wahandisi na tarehe; hazitaji mpagazi aliyebeba madebe ya mafuta kupanda ngazi, wala mke wa mlinzi aliyelea watoto kisiwani. Piga picha kila ukurasa wa daftari kwenye mwanga wa dirishani, bila flashi. Mrekodi mzee kwa simu akiwa bado ana nguvu, na mwulize mambo madogo: walikula nini, nani alileta maji, mgonjwa alisafirishwaje, mshahara ulifikaje. Majina yaliyo nyuma ya picha yaandike sasa. Asili ibaki kwenu; nakala mnaweza kupeleka Makumbusho ya Taifa pale Shaaban Robert au kwenye Kumbukumbu za Taifa.

Kuna jamaa wa vyuma chakavu anauza kioo kikubwa cha pete pete. Ninunue ili kikae salama?

Nia ni njema, lakini usinunue. Vifaa vya taa za bahari ni mali ya umma mpaka muuzaji aonyeshe hati ya kuuziwa kihalali, na ukilipa umewapa wengine sababu ya kwenda kung'oa kilichobaki. Piga picha ya kioo chote na ya maandishi kwenye fremu ya shaba, kwa sababu watengenezaji waliweka majina na namba zao, na kwa namba hiyo mara nyingi inawezekana kujua kilitoka mnara gani. Mwombe muuzaji asikivunje kwa ajili ya shaba, ambayo ndiyo anayoitaka, na utoe taarifa Mambo ya Kale au ofisi ya bandari siku hiyohiyo. Ukichelewa mpaka Jumatatu shaba imeshapimwa kilo.